Ghala limejaa, mtoto hakui

Mkoa wa Iringa hauna njaa. Unavuna mahindi ya kula na ya kuuza, viazi mviringo, maharage, njegere na nyanya, na malori yanayoteremka mlima Kitonga kuelekea Dar es Salaam ni ushahidi wa kila siku. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulipopima watoto wa chini ya miaka mitano, Iringa ndiyo iliyoongoza kwa udumavu: asilimia 56.9. Njombe ilifuata kwa asilimia 50.4, kisha Rukwa kwa asilimia 49.8. Wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Yaani mikoa inayowalisha wengine ndiyo yenye asilimia kubwa zaidi ya watoto ambao urefu wao haulingani na umri wao.

Takwimu hizo zimesomwa majukwaani mpaka zimezoeleka, na kwa kawaida hufuatwa na karipio kwa akina mama: mnauza mayai, mnauza maziwa, watoto mnawaachia ugali. Mimi nazitaja kwa ajili ya jambo jingine. Kila mwaka vijana waliomaliza kidato cha sita wanapoomba vyuo, shahada ya lishe huandikwa mwishoni mwa orodha, kinga ya kumsaidia mtu akikosa udaktari, famasia na uuguzi. Anayeichagua kwa hiari yake huulizwa nyumbani kama kweli anakwenda kukaa chuo kikuu miaka mitatu kusomea kupika. Swali hilo lina kejeli, lakini halistahili kupuuzwa. Kila mtu anakula, kila mama amelisha, na kuta za kliniki zimejaa mabango ya makundi ya vyakula. Kama lishe ni lile bango, basi semina ya siku mbili inatosha na karo ya chuo ni hasara. Lakini Iringa inalisuta bango. Vyakula vilivyochorwa pale vinaota kule, na mtoto hakui. Anayehitajika ni mtu wa kueleza kwa nini, kwa mtoto huyu, katika kaya hii, na kuthibitisha anachosema. Kazi hiyo ni sayansi na inastahili shahada kamili, ila kwa sharti moja ambalo vyuo vyetu havilitimizi sawasawa: ifundishwe kama sayansi ya kuchunguza, isigeuzwe mafunzo ya kutoa nasaha.

Tuanzie jikoni, maana ndiko dharau inakotokea. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Kwa mlo mmoja halibebi zaidi ya kikombe cha kawaida. Uji wa mahindi ukipikwa mwepesi ili aumeze, sehemu kubwa ya kikombe hicho ni maji. Ukiongezewa unga ili uwe na nguvu, unakaza kuelekea ugali na mtoto anautema. Mama hana kosa hapo. Amebanwa na tabia ya wanga, ambao ukipata moto hunywa maji na kuvimba. Sasa chukua mtama, uloweke, uoteshe siku mbili tatu, uanike, usage. Hicho ni kimea, ndugu wa kile cha wapika pombe ya komoni. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa kwenye sufuria ya uji mzito ulioachwa upoe kidogo, uji unalegea ukiwa unautazama, ndani ya dakika chache, bila tone la maji kuongezwa. Mbegu inapoota hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi ili ijilishe, na kimeng'enya hicho ndicho kilichokata minyororo ya wanga. Kikombe ni kilekile, lakini unga uliomo ni mwingi zaidi. Watafiti wa Kitanzania waliandika juu ya jambo hili tangu miaka ya 1980.

Mtu atasema bibi mpika pombe anayajua hayo bila shahada. Anayajua, na ni vizuri tumheshimu. Lakini bibi huyo hakuhitaji kujua kwamba vichipukizi vya mtama vina kemikali inayozaa sianidi na lazima vipukuswe kabla ya kusaga unga wa mtoto, wala kwamba moto mkali unaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, wala kwamba uji uliokwisha kulegea unapaswa kuchemshwa tena kidogo ili kimea kilichoanikwa juani kisimwachie mtoto vijidudu vya kuhara. Kati ya ujuzi wa bibi na ushauri salama kwa akina mama elfu kumi kuna biokemia, mikrobiolojia na hesabu. Ndiyo maana mlango wa kozi hii ni kemia na baiolojia, na kijana anayeijia akidhani anakimbia kemia huzinduka muhula wa kwanza.

Kosa la kulisha bila sayansi hiyo linauzwa madukani kwa jina zuri la uji wa lishe. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya na karanga, vyote vimesagwa pamoja kwa imani kwamba wingi wa majina ni wingi wa virutubishi. Nafaka sita kwa kiasi kikubwa ni wanga uleule uliotajwa mara sita. Soya isiyoivishwa inavyotakiwa ina viini vinavyozuia mmeng'enyo wa protini yake yenyewe. Karanga zikikaa ndani ya unga huchacha upesi, na karanga pamoja na mahindi ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi na sumukuvu, ambayo jiko la kawaida haliiondoi. Hili si la kutishana. Mwaka 2004 huko Ukambani, Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliwadhuru watu 317 na kuwaua 125 kati yao. Mwaka 2016 vifo vya sumu hiyohiyo vilitokea Dodoma na Manyara. Karanga iliyochambuliwa, ikakaangwa na kutwangwa wakati wa kupika ni chakula kizuri cha mtoto. Karanga ileile iliyosagwa na ganda lake la ukungu ikakaa kwenye kopo miezi miwili ni kitu kingine kabisa, ingawa kwenye bango zinachorwa kwa picha moja.

Halafu kuna kupima, kazi ambayo wengi hudhani ni kusoma namba. Msichana aliyetimiza miaka miwili leo, kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, anahesabiwa amedumaa akiwa chini ya sentimita 80 akipimwa amelazwa. Akipimwa amesimama, mstari unashuka hadi 79.3, kwa kuwa mwili uliosimama huwa mfupi kidogo kuliko uliolala. Anayechanganya njia hizo mbili amepotea kwa milimita saba kabla hajaandika kitu. Mtoto amesukwa, na kibao cha kichwani kinakaa juu ya mabutu badala ya kukaa juu ya fuvu. Visigino vimeinuka, magoti hayajanyooka, mtoto analia na mama ana haraka. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa kwa kukisia, kadi ya kliniki ililowa. Sentimita moja huku na mwezi mmoja kule vinatosha kuhamisha watoto wengi wa kijiji kutoka safu moja ya jedwali kwenda nyingine, na halmashauri hupanga fedha kwa kulitazama jedwali hilohilo. Mwenye kuchukulia upimaji kuwa kazi ya yeyote aliye karibu asishangae takwimu zake zikipanda na kushuka kama bei ya nyanya.

La kusikitisha ni kwamba Iringa hiyohiyo iliwahi kuifundisha dunia. Kuanzia mwaka 1983, kwa fedha za Italia zilizopitia Shirika la Afya Duniani na UNICEF, na kwa wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, vijiji 168 vya mkoa huo viliingia katika mpango ambao wanakijiji wenyewe waliwapima watoto uzito, wakakaa kujiuliza kwa nini fulani amepungua, wakaamua la kufanya, kisha wakapima tena. Tathmini, uchambuzi, utekelezaji, na kurudi mwanzo. Fikra zilizoiva kule zilichangia mkakati wa lishe wa UNICEF wa mwaka 1990, ule unaopanga sababu za utapiamlo kwa ngazi: juu mlo na maradhi, chini yake chakula cha kaya, malezi, maji na huduma za afya, chini kabisa uchumi na siasa. Mchoro huo husomeshwa vyuo vikuu duniani kote. Umeivishwa Nyanda za Juu Kusini, na kuna wahitimu wetu wanaouchora kwenye mtihani kama kitu kilichoshuka kutoka Geneva.

Hapa msomaji mkali atanibana: kama Iringa ilikuwa na sayansi hiyo miaka 40 iliyopita, mbona leo inashika mkia? Je, huo si ushahidi kwamba wataalamu hawasaidii? Swali ni la haki. Jibu langu la kwanza ni kwamba mpango ule ulihesabu uzito na vifo vya watoto, ukapambana na utapiamlo mkali unaoonekana kwa macho. Udumavu ni mnyama mwingine. Huanza tumboni, sehemu yake kubwa inakamilika kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, na katika kijiji ambacho nusu ya watoto wamedumaa, mfupi ndiye wa kawaida. Hakuna mama anayeshtuka. La pili ni kwamba majibu ya mwaka 1983 yalikuwa ya mwaka 1983. Tangu hapo soko la mazao limekua, mashamba ya biashara yamemwongezea mama saa za kuinama shambani, na anayebaki na mtoto mchana ni dada yake wa miaka tisa akiwa na chungu cha uji wa asubuhi. Kipi kati ya hivyo kina uzito zaidi wilayani Mufindi kuliko wilayani Kilolo? Anayedai anajua bila kupima anabahatisha. Nchi kwa jumla imesogea, kutoka karibu nusu ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi asilimia 30, kwa hiyo si kweli kwamba juhudi hazizai. Iringa imebaki nyuma kwa sababu zake, na hizo sababu zinahitaji mtu wa kuziuliza upya.

Pingamizi zito kuliko yote ni la umaskini. Watu wanajua wale nini, tunaambiwa. Hawana pesa, na kumpelekea maskini mtaalamu wa lishe ni sawa na kumpelekea mwenye njaa kitabu cha mapishi. Nakubali nusu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikuta udumavu katika kaya maskini kabisa ni kama mara mbili ya ule wa kaya zenye uwezo mkubwa zaidi. Lakini hata katika kaya hizo zenye uwezo, karibu mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amedumaa, na hao hawakukosa pesa ya yai. Kwa upande wa pili kuna kisa cha Vietnam mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambako Jerry na Monique Sternin, wakifanya kazi na Save the Children, waliacha kuuliza kwa nini watoto wa maskini wana utapiamlo, wakauliza kwa nini baadhi ya watoto wa maskini hawana. Waligundua kwamba kaya hizo chache ziliokota kamba na kaa wadogo katika mashamba ya mpunga, zikachuma majani ya viazi vitamu, zikavitia katika chakula cha watoto, na zikawalisha mara nyingi zaidi kwa siku. Majani ya viazi vitamu, kwetu matembele. Majirani walidharau vitu hivyo, au waliona havimfai mtoto. Umaskini ulikuwepo, na ndani yake kulikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyeiona mpaka mtu alipokwenda kuitafuta kwa mpango. Serikali inawajibika kupunguza umaskini. Hiyo haiondoi kazi ya kutafuta nafasi hizo wakati tunasubiri.

Tena umaskini hauelezi upande wa pili wa mizani. Utafiti wa mwaka 2015–16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Mwaka 2022 wakawa zaidi ya theluthi moja. Wakati huohuo, wanawake zaidi ya wanne katika kila kumi wana upungufu wa damu. Mara nyingine ni mwanamke mmoja mwenye vyote viwili: mwili umejaa, damu haitoshi. Mwambie ale zaidi, unamwongezea la kwanza. Mwambie apunguze kula, unamwongezea la pili. Mshauri wake lazima ajue kwamba madini ya chuma ya mchicha hufyonzwa kidogo, kwamba ndimu au chungwa huongeza ufyonzwaji huo, na kwamba kikombe cha chai ya rangi kinachofuata mlo huurudisha chini. Katika nchi inayofungua na kufunga mlo kwa chai, hilo la mwisho peke yake lingestahili wiki nzima ya mihadhara.

Limebaki la ajira, na kwa mzazi anayelipa karo ndilo la kwanza. Mwezi Desemba mwaka 2017, chini ya Samia Suluhu Hassan aliyekuwa Makamu wa Rais, wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2022, akiwa Rais, alishuhudia mikataba mipya ikisainiwa. Halmashauri yenye watoto 40,000 kwa hesabu hiyo inatenga shilingi milioni 40 kwa mwaka. Kutenga ni jambo moja na kutoa ni jingine, lakini tuseme zimetoka zote: zinaweza kuishia kwenye mafuta ya gari, posho za kikao na maadhimisho ya siku moja yenye fulana, au zikalenga sababu moja iliyopimwa katika kata tatu. Tofauti ya matumizi hayo mawili ni mtu. Tanzania Bara ina halmashauri 184 na kata zaidi ya 3,900, wastani wa kata 21 kwa halmashauri. Afisa lishe aliyekaa makao makuu ya wilaya, anayeazima gari la idara nyingine, hawezi kuwa anachunguza, anajaza fomu. Kuna wanaosema wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanatosha, na ni kweli kwamba wao ndio wanaoingia nyumbani. Lakini mhudumu hupeleka ujumbe aliopewa. Nani anahakikisha ujumbe wenyewe unafaa Makete kama unavyofaa Mtwara? Kijana asidanganywe kwamba ajira zinamsubiri. Hazimsubiri. Kazi ipo tele. Nafasi za kulipwa kwa kazi hiyo ndizo chache, na hilo ni la kuwauliza wanaopanga ikama, kwani anayekwepa kuajiri mtaalamu mmoja wa kata huishia kulipia darasa la kwanza lililojaa watoto wasioweza kufuata somo.

Vyuo navyo visijifiche nyuma ya serikali. Kwa miaka mingi shahada ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ilibeba sayansikimu na lishe katika jina moja, na ingawa majina yalitenganishwa baadaye, picha ya aproni haijaondoka vichwani, hasa vya wazazi wa watoto wa kiume. Picha hiyo haitaondolewa kwa matangazo. Itaondolewa na mhitimu anayejua kitu ambacho shangazi yake hakijui. Mwanafunzi anayekariri kazi za vitamini kutoka A hadi K anashindana na simu, na simu itamshinda. Humohumo simuni kuna watu wasiohesabika waliojipachika uprofesa wa vyakula, wanaouza unga wa kutibu kisukari na kuwakataza wajawazito wanga. Kenya ilitunga sheria mwaka 2007 iliyounda chombo cha kuwasajili na kuwapa leseni wataalamu wa lishe, ili atakayejiita hivyo bila kusoma awe amevunja sheria. Usajili ni jambo zuri, ila utawalinda wananchi pale tu ambapo aliyesajiliwa anatofautiana kweli na tapeli: mmoja anaweza kusema alijuaje, mwenzake hawezi.

Kwa hiyo ningeanza na utafiti wa mwaka wa mwisho, ambao mara nyingi ni dodoso la maswali 30 juu ya uelewa wa akina mama, linalojazwa kwa siku tano na kuhitimishwa kwamba elimu zaidi itolewe. Badala yake, mwanafunzi apewe kaya mbili za kitongoji kimoja huko Kilolo: mashamba yanalingana, mifugo inalingana, choo ni cha aina moja, kila kaya ina msichana wa miaka miwili, lakini mmoja ana sentimita 84 na mwenzake 77. Akae nazo wiki nane. Apime kila kinachoingia chunguni na kinachobaki, aandike saa mama anazokaa shambani, nani analisha, mara ngapi, kwa mkono ulionawa wapi, nani aliharisha na lini. Mwisho aeleze zile sentimita saba zimekwenda wapi mbele ya mkutano wa kitongoji, kwa Kihehe au kwa Kiswahili, watu wambishie, ndipo arudi Morogoro kuandika. Na siku ya kwanza, kabla ya dodoso na kabla ya mchoro wa UNICEF, awaombe mama zao ruhusa ya kuwafumua watoto wote wawili mabutu, awapime upya.